Maji Ndani ya Oili

Jumatatu, 7 Agosti 1995

Pikapu imechemka tena. Palepale! Kilimani, mkabala na kwa shangazi Kija. Mdogo wangu Chenge, ndiye dereva, kaifikisha gereji ikivutwa na lori la pamba. Samaki wote wameoza. Tangu nipunguzwe kazini, hiyo Hilux ndiyo inayotulisha.

Jioni Chenge akalitoa la moyoni. Siku tuliponunua gari, shangazi alilibariki. Ni kweli. Tulifungua boneti, akabugia maji, akayapuliza juu ya injini, kama anavyowapulizia watoto wote wa ukoo wetu. Tulipiga makofi. Leo Chenge anauliza yale maji yalikwenda wapi.

Nimemwambia yalikauka, mjinga wewe. Lakini sahani yangu nimempa yeye aimalizie.

Jumatano, 9 Agosti

Gereji kwa Odoyo, Mabatini. Fundi mzito wa maneno. Kajaza maji kwenye rejeta, kawasha injini, maji yakapungua. Chini hakuna tone. Sasa yanakwenda wapi? Akachomoa kijiti cha kupimia oili. Mungu wangu — rangi ya chai ya maziwa! Kufungua kifuniko cha oili, utando mzito kama mtindi. Kasema maji yanaingia kwenye oili. Yanapopitia atapajua akiifungua injini.

Chenge alikuwa nyuma yangu. Ameona. Kaondoka bila kuaga.

Alhamisi, 10 Agosti

Chenge kaenda kwa mganga. Kuku kapasuliwa, utumbo ukasomwa: ni mwanamke, wa damu yenu, aliyelitemea gari maji. Bila shaka Chenge alimweleza yote kabla kuku hajachinjwa. Angesoma nini kingine?

Shangazi ana macho mekundu. Moshi tu, maana anapikia kinyesi cha ng'ombe tangu sijazaliwa. Mwaka juzi kijijini kwao bibi mmoja aliitwa mchawi, akakatwa mapanga kwa macho kama hayo. Waliomkata walikula mazishini.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mke wangu, Rose.

Ijumaa, 11 Agosti

Odoyo kang'oa silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, kaisugua kwa petroli, kaniita nje juani. Gasketi inayoziba maungio yake imeungua. Na pembeni yake ufa, mwembamba kama unywele, kutoka tundu la maji hadi njia ya oili. Rejeta nayo imezibwa na tope, ndiyo maana gari linachemka kilimani likiwa na mzigo. Kasema injini ya moto ukiimwagia maji baridi hupasuka kama chungu. Akauliza dereva hufanya nini ikichemka.

Najua anachofanya. Anachota maji ya barafu kwenye sanduku la samaki, anaimwagia papo hapo, ana haraka.

Nikamleta Chenge. Nikamwonyesha ufa, nikamweleza polepole, bila kumwaibisha. Nilitaka aape, anitukane, chochote. Akautazama sana.

"Kaka, maji ya barafu nimemwagia magari ya watu miaka yote. Kwa nini lipasuke hili?"

Odoyo akasema chuma nacho huchoka. Chenge akatikisa kichwa, akaenda zake. Na mimi nimerudi nyumbani na swali lake. Kwa nini hili?

Jumamosi, 12 Agosti

Nimekwenda kumchukua shangazi, akae kwangu hadi mambo yapoe. Nimemkuta anapeta mtama. Nikamwamkia, nikamwambia Rose anaumwa, aje atusaidie siku chache. Akanitazama kwa yale macho.

"Malimi, wewe tangu utoto hujui kudanganya. Ngoja nimwachie jirani kuku wangu."

Njiani hakuna aliyemsalimia. Dukani alisimama Chenge na wanaume wawili nisiowajua. Mmoja alitufuata kwa macho mpaka tukapita. Nilimshika shangazi mkono mpaka barabarani, kajikono kepesi, kakavu. Nilikaribia kulia.

Jumapili, 13 Agosti

Rose haumwi, ila kawapeleka watoto kwa dada yake Nyegezi. Naye kabaki hukohuko. Anasema nyumba imejaa. Krismasi humuhumu walilala ndugu zake tisa!

Shangazi kafagia uwanja, kafua mashati yangu, kapika. Mchana nilisema tumbo linaniuma, nikakiacha chakula chake. Tumbo! Mimi niliyeuona ufa kwa macho yangu, nikaupitisha ukucha.

Jua linazama. Niko chumbani naandika, na sasa hivi nimegundua kwamba komeo la mlango nimelisukuma. Mimi mwenyewe, bila kukusudia. Chenge na watu wake wakija watapitia mlango wa mbele, na ule sijaukagua. Huu wa chumbani unanitenga na sebule tu. Sebuleni yuko shangazi.

Anabisha.

"Mwanangu, ugali unapoa. Fungua uje ule."

Nimemjibu nakuja.

Anabisha tena, taratibu. Nimejibu nakuja. Bado nimekaa.