Mfuko wa Baba Kabula

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kuanza kuzungumza na wewe bila kukuamkia, ungenikata jicho. Mama hajambo, yuko Tinde, bado anagombana na mbuzi wa jirani. Mimi niko chuoni Mwanza, mwaka wa nne wa udaktari, na ninayo habari inayokuhusu ambayo ni lazima uisikie kutoka kwangu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka machimboni Geita? Tulikupokea barabarani, mimi na wadogo zangu, tukigombania kubeba begi lako. Kope zako zilikuwa na vumbi ambalo hata ukioga halikuisha. Ukishakula, ulitueleza habari za duara, lile shimo lenu refu, mpaka Mama akalalamika kwamba unanifundisha kazi ya kiume. Nilichopenda kuliko vyote ni mgawo. Ulisimama katikati ya ua ukauigiza: mawe yametoka, mwenye duara kachukua mifuko yake, mwenye shamba kachukua yake, iliyobaki ni ya wachimbaji. Mgawaji anaita jina. Mwenye jina anaitika "Nipo!" na mfuko wake wa mawe unawekwa miguuni pake. Asiyeitika hana mfuko, isipokuwa mgonjwa, huyo mwenzake humwitikia "Yupo!" Ulibadilisha sauti kwa kila mchimbaji, na ya Masanja, rafiki yako, uliifanya nene kupita kiasi.

Kisha kikohozi kikaanza. Ulisema ni baridi ya chini, nasi tukakubali, maana tungejuaje? Ukashindwa kushuka, halafu ukashindwa hata kufika barabarani bila kukaa njiani. Riziki iliendelea kuja kwa sababu Masanja alikuwa anakuitikia. Ulipofariki nilikuwa kidato cha nne. Nilijua shule imeishia hapo, wala sikumlaumu mtu.

Siku ya kuanua matanga hukuwapo, ngoja nikusimulie. Masanja alikuja na wenzenu, wamevaa mashati yao mazuri, wakakaa mkekani. Mama akaanza kuwashukuru kwa namna ya kuwaaga kabisa. Masanja akamkatiza.

"Mama Kabula, hatujaja kuaga. Tumekubaliana huko. Jina lake litaendelea kuitwa na sisi tutaendelea kumwitikia, mpaka huyu mayu, binti yetu, awe daktari."

Mama alidhani hakusikia vizuri. Mimi nilisikia, nikashindwa kuinua macho. Nani aliwaambia kwamba nataka kuwa daktari? Ni wewe tu, Baba, na kutoweza kwako kukaa na jambo moyoni. Ulinitangaza machimbo yote kabla hata sijafaulu mtihani wa darasa la saba!

Na kweli waliendelea. Kidato cha tano, cha sita, halafu chuo. Kila mawe yalipotoka, mfuko wako ulipelekwa kwenye karasha ukasagwa, ukaoshwa, dhahabu ikauzwa, na kilichopatikana Masanja akanitumia kwa simu. Mwamba ulipokuwa mkavu nilikula ugali na mlenda. Ulipokuwa na neema nilinunua vitabu. Wenzangu wengine chuoni wana wafadhili wenye ofisi na magari, na wakiniuliza wa kwangu ni nani, mimi huwajibu kwamba ni baba yangu, mchimbaji. Sijawahi kuona kwamba ninadanganya.

Likizo hii nilikwenda machimboni kwa mara ya kwanza, kuwashukuru wenzako uso kwa uso. Nilifika mgawo ukiwa umeanza. Masanja alikuwa amesimama mbele ya rundo la mifuko, amekonda, anaita majina. Kisha akaita:

"Baba Kabula!"

"Yupo!"

Aliyeitika ni jamaa mmoja mwenye ndevu ambaye sikumfahamu.  Nikatazama uso mmoja baada ya mwingine, nikiwatafuta wale waliokaa kwenye mkeka wetu. Hakuna hata mmoja. Baadhi wamehamia machimbo mengine, baadhi wamerudi kulima, na wapo mlio pamoja huko uliko. Amebaki Masanja peke yake. Hawa wengine wote hawajawahi kukuona, Baba! Yule mwenye ndevu, Shija, aliniambia kwamba alipoanza kazi pale alidhani wewe ni mgonjwa wa nyumbani.

"Nikawa najiuliza, dada, huyu mzee anaumwa nini, haponi wala hafi?"

Tulicheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipoanza kutoka sikuweza kuyazuia. Alipoambiwa ukweli wako, aliomba awe yeye wa kukuitikia. Nimefundishwa mambo makubwa darasani, jinsi moyo unavyoanza kupiga ungali tumboni mwa mama na usipumzike tena hadi kufa, na nimeyastaajabia. Lakini hakuna kilichonistaajabisha kama watu wale. Wanashuka gizani kwa kamba, na wakipanda juu wanampa fungu lake mtu wasiyemjua ili binti yake asome.

Ndipo Masanja akakohoa. Nilikitambua kikohozi kile hata kabla hajakimaliza.

Nilimvuta kando, nikamsikiliza kifua, mbele na mgongoni. Sikumficha. Nilimwambia aende hospitali apimwe vizuri, na kwamba vumbi la mawe likishakaa mapafuni halitoki, hivyo asishuke tena kamwe. Alifunga vifungo vya shati polepole.

"Nikikaa juu, mayu, itabidi niitikiwe. Na Baba Kabula anaitikiwa. Duara lenyewe limechoka. Watakubali kuwabeba wawili wasioshuka? Acha nishuke mpaka umalize."

Kumbe alikuwa anajua. Kwa muda mrefu alikuwa anajua anaumwa nini, na alikuwa ameshaamua. Niliogopa, Baba. Nitavaaje koti jeupe ambalo limenunuliwa kwa pumzi ya mtu huyu?

Mgawo uliofuata nilisimama katikati yao. Masanja akaita, "Baba Kabula!" Shija akafungua mdomo, lakini mimi nilimtangulia.

"Hayupo!"

 Nikawaambia kwamba baba yangu alifariki, kwamba nawashukuru kuliko ninavyoweza kusema, na kwamba mfuko ule apewe Masanja, naye asishuke tena.  Nilijua ninachokiacha. Ada ya mwaka wa tano sikuwa na mahali pengine pa kuitoa.

"Mayu, umefanya nini?" Masanja akasema. Sikuwahi kumwona amekasirika vile.

Shija alivua kofia yake, akawaangalia wenzake, nao wakamwangalia. Wakaitikia kwa vichwa. Akaunyanyua mfuko wako, akauweka miguuni pa Masanja, kisha akamsogeza mzee taratibu, akasimama yeye mbele ya rundo.

"Kuanzia leo Masanja anaitikiwa," akasema. "Tutafunga mikanda." Halafu akaita jina ambalo halijawahi kuitwa pale. "Daktari!"

Niligeuka kutazama nyuma yangu. Nilingoja huyo mwenye jina aitike.

"Wewe, dada!" Shija akafoka. "Itika, tuna kazi!"

Niliitika, Baba. Sauti ilikuwa ndogo sana, wakanicheka. Wakaniwekea mfuko miguuni, nikajaribu kuunyanyua nikashindwa, wakacheka zaidi.

Masanja sasa anakaa juu. Ameshakwenda hospitali, anapewa dawa za kumpunguzia kikohozi, na bado ndiye anayeita majina, maana sauti ya kuita bado anayo. Mimi kesho narudi chuoni.

Habari yenyewe basi ndiyo hiyo. Jina lako halitaitwa tena pale, na niliyelisimamisha ni mimi. Nilitaka uisikie kwangu, usije ukadhani wamekusahau. Umenisomesha ukiwa hai, ukanisomesha ukiwa kaburini, kwa midomo ya watu ambao hawakukufahamu. Imetosha sasa. Zamu yako imekwisha, Baba. Panda juu, upumzike.

Ni mimi binti yako,
Kabula