Injini Yangu Ina Mashindano Jumamosi na Magoti Yamevimba

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika. Mimi ni fundi cherehani, shule sikufika mbali, lakini Mungu kanipa binti anayeogelea mtindo wa chura mpaka wazazi wenzangu wanafunga midomo, sijisifu, nasema kilichopo, mtaani wanamwita Injini. Sasa bwawa hufungwa jioni, nami nikaona kipaji hakilali, nikaondoa vyombo kwenye meza ya chakula, nikawa namlaza kifudifudi apige miguu huku namwagia maji kwa kikombe asije akasahau yuko bwawani, na baba yake, mtu mpole, anatazama taarifa ya habari chini ya mwavuli wala halalamiki. Magoti yakaanza kumuuma, nikamwambia hiyo ni nguvu inaingia, wiki zikapita, yakaumuka kama unga uliotiwa hamira. Mwalimu wake wa kuogelea akasema apumzike, nikamjibu, "Mwalimu, wivu huo! Mwanao si bado anang'ang'ania ukingo wa bwawa?" Jana mtoto kashuka ngazi kwa makalio, nikamwambia, "Inuka, Injini haizimiki ovyo," akanijibu, "Basi mama, panda mezani wewe." Mshauri, mimi si mtu wa kuchokozwa. Nikapanda. Nikapiga miguu mara tatu, safi kabisa, hata baba yake alisogeza mwavuli aone vizuri, ya nne magoti yakalia ka! ka! na mpaka sasa yamekataa kunyooka, miguu iko vilevile ya chura, barua hii naiandikia hapahapa mezani na wenzangu wanakula sakafuni. Swali langu ni dogo tu: nimchue mtoto kwa dawa gani ili Jumamosi ashinde?

Mama Injini

JIBU

Mama Injini, pole. Nimecheka, kisha nikakasirika, na hasira ndiyo iliyobaki. Wewe umepiga miguu mara nne ukaandikia gazeti. Mwenzio kaumia wiki nenda wiki rudi, ukamwambia ni nguvu inaingia!

Mwambie mumeo aweke mwavuli chini akushushe, mwende kwa daktari, wewe na binti. Huko kupiga chura kunalisokota goti, na goti la mtoto anayekua si bawaba ya mlango. Jumamosi haogelei. Dawa ya kuchua usiitafute, maana maumivu yaliyofichwa hayajaondoka. Kwa mwalimu nenda mwenyewe, usimtume mumeo, ukaombe radhi. Daktari akiruhusu, mwalimu ndiye atakayemrudisha binti majini polepole, nawe ukae kwenye viti na wazazi wengine.

Kujivunia mtoto si kosa. Hata mimi ninaye wangu, nikianza kumsimulia gazeti litajaa. Lakini leo hii, ukishaweza kutembea, ingia chumbani kwake, umuulize anataka nini, kisha unyamaze. Najua hiyo ni kazi nzito kuliko zote nilizokupa. Akisema anataka kulala, mfunike shuka, toka, ufunge mlango.