Kitambaa cha Bwana Karani

Leo Jumamosi. Tangu asubuhi mawingu yamejaa upande wa ziwani lakini mvua imegoma, joto limebaki limetukalia hapa laini, kwenye nyumba za wafanyakazi, kama kifuniko cha chungu. Limi anajikuna vipele vya jasho. Na mimi nina furaha mbaya.

Naiita furaha mbaya kwa sababu sijui jina lake lingine. Ni ile ya kumuona mtu aliyekuumiza akikosa pa kuweka mikono yake.

Nianze mwanzo, daftari langu, maana haya sijakuandikia. Niliogopa Baba Limi asije akakufungua kabla ya wakati.

Nilipofika huku mgodini Geita kutoka kwetu Kishapu, nilikuwa na mimba ya Limi na simjui mtu. Dukani kwa Bi Zuhura sukari hufungwa kwa magazeti ya zamani. Siku moja nikafungua nusu ratili ya sukari, nikaona miraba myeupe na myeusi imepangwa vizuri. Mimi nimeishia darasa la nne kwa masista, na kule masista walitufundisha kudarizi kwa kufuata karatasi ya miraba. Nikasema, kumbe hata gazetini wanatoa mifano ya vitambaa. Nikaishona. Nikashona mto mzima wa mtoto kwa miraba ile, mweusi kwa mweusi.

Bi Zuhura alipouona alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la chumvi. "Mwanangu, hiyo si darizi. Hilo fumbo la maneno. Unaulizwa, unajibu, kila herufi na nyumba yake."

Basi nikaanza kujifunza. Gazeti ni la kila siku, ila kwetu huja ya wiki nzima kwa mkupuo, na lori la Mwanza. Bwana Karani wa mgodi ndiye huyapokea na kuyasoma, akimaliza humpa Bi Zuhura ya kufungia. Mimi nikawa nanunua vitu kidogo kidogo ili nipate karatasi nyingi. Chumvi leo, dagaa kesho. Maneno mafupi kwanza. Nikajua kwamba neno la kwenda kulia likipita juu ya neno la kwenda chini, wote wawili wanakula herufi moja, na ukikosea moja umemharibia na mwenzake. Nikajua pia kwamba majibu hutoka gazeti la kesho yake, ukurasa wa nyuma, chini ya bei za pamba. Limi akinyonya, mimi nina kipande cha penseli mkononi.

Sijui niseme nini kuhusu raha yake. Siku nzima mtu unaitwa Mama Limi leta maji, Mama Limi leta kuni. Halafu unakuta nyumba tano tupu zinakungoja wewe tu.

Sasa Bwana Karani. Yeye hufanya fumbo barazani kwa Bi Zuhura, watu wamemzunguka, kwa wino. Hafikiri. Kalamu inakwenda kama cherehani. Akimaliza anatia sahihi yake chini kwa mikia mirefu, na watu wanasema huyu kichwa chake ni ghala.

Nami nilisema hivyo. Mpaka siku nilipopata karatasi yake kwenye sukari.

Mnyama mwenye shingo ndefu, nyumba tano. Bwana Karani ameandika NGAMI. Alitaka ngamia, nyumba zikamwishia, akamkata mkia. Na kwa kuwa ameanza na N, kitu cha kuleta mwanga nyumbani, nyumba tatu kwenda chini, kimekuwa NAA. Mama wa mama yako, nyumba nne: NYAN. Karatasi nzima hivyo. Alikuwa anajaza tu. Majibu yapo kwenye gazeti la kesho yake, analo mkononi, wala hajui kama yapo.

Nilicheka peke yangu, nikaikunja, nikaiweka. Sikuwa na ubaya naye bado.

Ubaya ulikuja siku ya posho, tukiwa mstarini kwenye banda la kugawia unga. Bibi Nesi, yule mzungu wa kliniki ya watoto, alikuja bandani akauliza kama katika wake za wafanyakazi yupo anayejua kusoma na kuandika, amsaidie kuandika majina na uzito wa watoto. Kazi ya kukaa mezani, kivulini, na mtoto wako pembeni. Moyo wangu ulienda mbio hata Limi mgongoni akashtuka. Bwana Karani hakunyanyua hata macho. "Hakuna, bibi. Hawa wanajua kuhesabu ng'ombe tu."

Nikasema kwa sauti ndogo, "Mimi nimesoma, Bwana Karani."

Akaniangalia kuanzia miguuni. "Mama Limi, kalamu haibebwi mgongoni."

Banda zima likacheka. Baba Limi alikuwa mstari wa wanaume. Naye alicheka. Kidogo, kama mtu anayekohoa, lakini nilimuona.

Nilirudi nyumbani sikulia. Nilitoa karatasi ya sukari.

Wiki tano, daftari langu. Nilifua mfuko wa unga mpaka ukawa mweupe, nikalishona lile fumbo lote kama yeye alivyolijaza. Miraba kwa uzi mweusi, herufi kwa uzi mwekundu. NGAMI kwa mshono wa msalaba, mzuri, umekaza. Baba Limi alipouliza nikasema ni kitambaa cha ukutani. Sikumdanganya.

Wino wa Bwana Karani huishia kufunga dagaa. Mimi nilitaka makosa yake yakae.

Nikampelekea ofisini, nimepiga goti. "Shikamoo Bwana Karani. Nimekushonea fumbo lako, kwa heshima." Alifurahi jamani. Alikitazama kitambaa kile, hakusoma hata neno moja. Akaona sahihi yake tu, nimeishona na mikia yake. Akakitundika nyuma ya meza ya posho, mahali pa kila mtu kuona.

Kisha nikangoja. Kungoja kulikuwa kutamu kuliko kushona. Kila Jumamosi napokea unga wangu, natazama NGAMI ukutani, naondoka.

Leo Bibi Nesi akaja.

Alisalimia mstari kwa Kisukuma chetu, "Mwangaluka," kama anavyopenda, halafu akakiona kitambaa. "Kizuri. Nani ameshona?"

Bwana Karani akajivuta shati. "Ni Mama Limi, huyo pale. Fumbo ni langu mimi."

"Ameshona herufi zote hizi? Si uliniambia hapa hakuna mwanamke anayejua herufi?"

Hapo nikaona shingo yake inalowa. "Amenakili tu, bibi. Kama kuku anavyodonoa, hajui anadonoa nini."

Bibi Nesi akasogea, akavaa miwani. "Ngami ni nini?"

Bwana Karani akahamisha kalamu mezani, akairudisha.

"Na naa?"

"Ndiyo hayo ninayokwambia, bibi. Kakosea kunakili."

Huo ndio uongo niliokuwa naungojea. Nilijua atausema, kwa sababu hana mwingine. Nikafungua fundo la kanga, nikatoa karatasi yenyewe, ya sukari, wino wake, sahihi yake. Nikampa Bibi Nesi kwa mikono miwili. Akaangalia karatasi, akaangalia ukuta, akaangalia karatasi.

"Sasa hapa palitakiwa nini, Mama Limi?"

"Twiga," nikasema. "Na kushuka, taa. Na pale bibi." Sikuangalia karatasi. Nilimwangalia Bwana Karani usoni, neno kwa neno.

Basi kutoka mstari wa wanaume sauti ikasema taratibu, "Bwana Karani, tuwashie naa basi, humu ndani hatuoni unga."

Banda lilivyocheka safari hii, vumbi la unga liliruka. Aliyesema ni Baba Limi. Yeye ambaye hata mezani kwake husema maneno manne.

Nimemsamehe nusu. Nusu nyingine naiweka, itanifaa siku nyingine.

Jumatatu naanza kliniki. Bibi Nesi amesema nije na Limi na penseli. Bwana Karani alikitundua kitambaa mbele ya watu, akanitupia. "Chukua takataka zako." Nikakidaka. Nikasema asante, Bwana Karani, na nikakunja vizuri, pembe kwa pembe, sikufanya haraka.

Najua atanipunja unga wiki ijayo. Apunje. Atakuwa anapunja huku watu wanamwita Bwana Naa, wameshaanza.

Kesho ni Jumapili na nilikuwa nimepanga kuungama. Padre ataniuliza kama najuta. Nimejipima tangu mchana, nimetafuta majuto kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka, sijayapata. Nadhani nitangoja Jumapili nyingine. Nifaidi hii kwanza.

Nilifikiri niufumue uzi, ni uzi mzuri. Nimeacha. Nimekitandika juu ya mto wa Limi, ule wa miraba mitupu niliomshonea kabla sijajua kitu. Amelala kifudifudi, mdomo wazi, udenda wake wote unamwagikia ngami wa Bwana Karani.