Mwenye Kujenga Aruke Kwanza

Zuberi, ndugu yangu,

Nimekasirika. Nilitaka kuanza na habari za nyumbani kama watu wenye adabu, lakini unanijua, kuzungukazunguka siwezi. Nimewakasirikia vijana wako, nimeukasirikia ukuta wako, na nikisema kweli, nimekukasirikia hata wewe. Mtu aliyeruka kutoka paa hadi paa tangu utotoni anakufaje kwa malaria?

Arobaini yako imesomwa. Mimi Mkristo, ndugu yako wa kazi si wa damu, nilikaa nyuma na akina mama nikakatakata vitunguu, nikapata kisingizio cha kulia. Baada ya hapo nilidhani tutarudi kazini, kwenye mazoezi yetu ya kuruka. Hangari letu la Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, bado tunalo. Shimo la unga wa mbao la kuangukia limejaa, mabomba ya kuning'inia hayajashika kutu. Njia nzima tuliyoichora kwa chaki sakafuni ipo: unapanda masanduku yangu, unapita juu ya mabomba, unaruka ukuta, unatua. Ila hapo ukutani njia imekatika. Hakuna anayeuruka.

Na sababu ni wewe. "Mwenye kujenga aruke kwanza." Uliimba wimbo huo mpaka ukatuingia kwenye mifupa. Ilikuwa sheria nzuri, sikatai. Mtu akijua ataruka yeye kwanza, hakazi bolti nusunusu. Hata mimi seremala, na makalio haya, niliruka kila sanduku nililopigilia msumari, ninyi mkishika mbavu kwa kicheko. Sasa ule ukuta uliujenga wewe, ukafa kabla ya kuuruka. Kwa hiyo, wanasema vijana wako, hakuna wa kuanza. Landry, yule uliyemfundisha mpaka akawa anatua kimya kama paka, aliniambia usoni: "Apana, dada Goreth. Ile mur, ile ukuta, ni ya Zuberi. Yeye hakuanza, sasa sisi tutaanza namna gani?" Wakifika pale wanaugusa kwa kiganja, wanapita kando, wanaendelea. Wamebandika picha yako. Wamewasha mishumaa, Zuberi! Mishumaa, kwa mtoto wa madrasa! Tena karibu na unga wa mbao!

Hayo peke yake ningeyavumilia. Kinachonichoma ni kwamba ukuta wenyewe ni mbovu, na tuliojua ni mimi na wewe tu. Nilikwenda Gasenyi kutafuta mbao nikakuomba uningoje. Mbao inasogezwa, nilikwambia, ukikosea unafungua bolti. Wewe na haraka zako ukapanga matofali na simenti. Jioni niliporudi nilikukuta umesimama mbele yake, mkono kiunoni. "Goreth, mi nimekosea hapa," ulisema. "Mutu akiruka na nguvu, kichwa inaenda kwa ile nguzo ya hangari. Tutavunja, tujenge tena." Ukasema pia kichwa kinakuuma, labda ni jua. Kesho yake hukuja, na hukuja tena.

Nimewaeleza hayo mpaka mate yakakauka. Hawaniamini. Wanadhani nataka kufuta jina lako ili libaki langu. Landry alinitazama kwa huruma akaniambia "ihangane", nivumilie, kama vile msiba umenipanda kichwani. Kidogo nimzabe kofi.

Wiki iliyopita mama yako alikuja hangarini. Alikuwa hajafika hata mara moja. Siku zote alisema kazi yako ni kazi ya nyani. Wakamwekea kiti mbele ya ukuta, wakasimama pembeni vichwa chini. Mama akaangalia picha, akaangalia mishumaa. "Kwa nini huku kuko kimya hivi?" akauliza. "Zuberi alikuwa anarudi kwangu na makelele, na vumbi mpaka mu masikio. Huyu munaweka hapa ni nani? Mi simujui." Aliinuka, akaizima mishumaa kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, akaomba apelekwe nyumbani.

Nilirudi nyumbani Nyakabiga kwa miguu nikiongea peke yangu, watu wa madukani wakinitazama. Nilikuwa nakutukana, nisamehe. Ni katika kukutukana huko ndipo nilipoona. Muda wote huu nimebishana na sheria yako, kumbe sheria haina kosa. Inataka mjenzi aliye hai, basi.

Jumamosi nakuja na nyundo kubwa. Nitaubomoa mchana, wote wakiwepo, na anayetaka kulia alie. Picha yako nampelekea mama, na matofali pia. Ukuta wa jiko lake unaegemea upande tangu mvua za mwaka jana. Halafu nitajenga mwingine kwa mbao na bolti, mbali na nguzo, kwa kimo kilekile ulichokitaka, kinachonifika kidevuni. Na kwa kuwa nimeujenga mimi, nitauruka mimi kwanza.

Naogopa, Zuberi. Nakwambia wazi kwa sababu huwezi tena kunicheka. Sijawahi kuruka kitu kilichonipita kiuno. Nikiwa kitandani nauona huo ukuta ambao hata sijaujenga. Ungekuwepo ungenishika kiwiko, ungesema maneno yako ya kipuuzi, ningekutukana, ningekwenda. Hupo. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kuliko mishumaa, kuliko Landry. Lakini nitapanda, hata kama ni kwa tumbo, na nitaangukia upande wa pili.

Kwaheri, ndugu yangu. Mungu akulaze mahali penye nafasi, pasipo na nguzo. Nakuahidi kitu kimoja tu. Nikishatoka kwenye ule unga wa mbao, kabla hata sijajipangusa, nitamgeukia Landry nimwambie: "Haya, zamu yako."

Dada yako,
Goreth