Bilauri Zilizopigwa na Baridi

Jumatano, katikati ya Julai. Baridi na ukungu. Mlima Meru haujaonekana tangu Jumapili.

Ti!

Mlio mdogo tu, kama ukucha ukigonga jino. Tangu juzi asubuhi unanifuata hata nikipiga mswaki. Niliitoa tanuruni bilauri ya kwanza ya oda ya hoteli ya Usa River, nikaiweka mezani taratibu, ikapasuka yenyewe. Nyingine kumi na moja zikafuata siku hiyohiyo.

Karakana yetu ya Sakina hugeuza chupa tupu kuwa bilauri. Mama Naishiye anakata, mimi nachoma. Bosi alitazama nyufa, akamwambia Mama Naishiye mkono wake umeanza kuchoka.

Mimi nikainama kuzoa vipande.

Nilijua kosa ni langu. Jumapili baada ya ibada nilipita kukagua tanuru likiwa linapoa, nikaacha mlango wake wazi upana wa kidole, nikaota moto. Mwezi wa saba wote tunaota pale, ila tanuru likiwa tupu. Kioo hutaka kupoa polepole, sehemu zote pamoja. Upande uliopigwa na baridi husinyaa na kukakamaa mapema, mwingine bado wa moto, basi pande hizo hubaki zikivutana ndani kwa ndani hadi mguso mdogo unatosha. Vioo vya milango ya magari hupozwa haraka kwa makusudi, lakini kwa upepo sawa pande zote, ndiyo maana huwa imara.

Haya yote niliyajibu kwenye mtihani chuoni. Nikapata A.

Jana nilimwona Mama Naishiye akikagua kikatio chake mara ya tatu, akijitilia shaka baada ya miaka saba ya kukata. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwita bosi, nikakiri mbele ya wote wawili.

Bosi alikunja uso, akamwomba Mama Naishiye radhi. Mama akaangua kicheko.

"Kumbe injinia! Tanuru letu umelifanya jiko la mkaa?"

"Shikamoo mama," nikasema, sijui kwa nini. Tulishasalimiana asubuhi.

"Marahaba. Haya, mikono ilipata moto angalau?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, mara ya kwanza wiki hii.

Leo nimempigia meneja wa hoteli, nikamweleza ukweli. Katupa muda hadi Jumatatu. Bilauri mpya zimo tanuruni. Saa kumi na moja nimefunga mlango wa tanuru kwa kufuli, na ufunguo nimemkabidhi Mama Naishiye. Ameufunga kwenye pindo la kanga, ameondoka nao kwenda kwake Ngaramtoni.