Gia Moja ya Baiskeli ya Doto

Kilosa, Jumapili

Mjomba Petro, shikamoo.

Mama anakusalimu sana. Mvua imetufikia na mahindi yameota vizuri.

Nakushukuru kwa baiskeli ya mashindano ya marehemu Doto. Najua haikuwa rahisi kuitoa chumbani kwake.

Ni ya Kifaransa, ya zamani, na gia zilikuwa zimeliwa na kutu. Fundi Ashrafu alitafuta vipuri mpaka Morogoro, akakosa. Akaniambia, "Dada Lea, tuzitoe zote, ibaki moja." Nilikataa siku mbili, maana Doto alizifunga kwa mikono yake. Mwisho nikakubali. Unisamehe, Mjomba, sikukuuliza kwanza.

Fundi akafupisha cheni, akaacha gia moja. Inakwenda kimya, nyepesi, na sichelewi tena kazini Kilangali.

Jana mwenzangu wa kazi aliniuliza, "Baiskeli hii ya nani?" Nikamjibu, "Ya kaka yangu Doto, mtoto wa mjomba." Nikamsimulia alivyokuwa akiimba kwa sauti mbaya kila akishuka mteremko. Tangu tumzike sijawahi kulitaja jina lake bila kulia. Jana tulicheka wote wawili.

Ahsante, Mjomba.

Mpwa wako,
Lea