Picha za Wairimu Sasa Zinasimama

Jumanne, nyumbani Waithaka. Manyunyu tangu alfajiri, na nguo nilizoanika Jumapili bado zina unyevu. Lakini moyo wangu leo ni mwepesi, nami nataka kuandika kwa nini.

Jana tulimharibia mteja kichwa.

Nimesuka nywele Kenyatta Market miaka mingi na kosa kama hilo sijawahi kuliona. Mteja alichagua mtindo kwenye simu ya Wairimu, mdogo wangu aliyetutoka Novemba. Yeye ndiye aliyetengeneza ukurasa wa mtandao wenye picha za mitindo yetu, moja chini ya nyingine, na simu yake ndiyo tunayowapa wateja wachague. Ukisogeza kwa kidole, ukurasa husimama popote, mara nyingi katikati ya picha mbili. Mimi nilishika upande wa kushoto nikifuata picha ya juu, matuta yanayorudi nyuma. Mwenzangu Akinyi akashika wa kulia akifuata ya chini, matuta yanayokunja kuelekea sikioni. Tulikuwa tunapiga hadithi. Hakuna aliyeangalia kazi ya mwenzake.

Mteja alipopewa kioo aligeuza kichwa kushoto, kisha kulia.

"Mama Njoki, kwani mmesuka watu wawili kwa kichwa moja?" akaniuliza.

"Si tulifuata picha, madam," Akinyi akajitetea.

"Picha gani? Ama kila mtu alikuwa na yake?"

Tulicheka, hata yeye akacheka, lakini alienda nyumbani na kitambaa kichwani. Atarudi kesho.

Kosa ni langu. Tangu kabla ya Krismasi simu hiyo imekuwa ikiniomba nisasishe kivinjari, ile programu inayofungua kurasa za mtandao. Kila mara nabonyeza "Baadaye". Niliogopa kwamba kipya kikiingia, ukurasa wa Wairimu utafutika. Sina kitu kingine alichokitengeneza mwenyewe.

Leo nilijikaza nikaenda mjini kwa Bwana Salim, fundi wa simu kutoka Lamu mwenye kijiduka ghorofani. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akachukua simu yake mwenyewe, akaandika anwani ya ukurasa, na picha za Wairimu zikafunguka humo.

"Ukurasa haukai ndani ya simu, dada. Uko mtandaoni. Hata simu hii ikikanyagwa na lori, ukurasa upo."

Na kwenye simu yake zilikuwa zinasimama! Ukisogeza mara moja inakuja picha moja, nzima, katikati ya kioo, inatulia.

Akaufungua ukurasa kwenye kompyuta, akasoma maandishi yake ya ndani. Akanieleza kwamba wanaoweka kanuni za mtandao walizirekebisha zile zinazosema ukurasa utulie wapi kidole kikiachia. Kivinjari chetu kinajua za zamani tu. Wairimu aliandika kwa kanuni mpya.

"Nani huyu aliyeandika?"

"Mdogo wangu. Alitutoka."

"Mungu amrehemu. Alijua kazi yake, dada."

Nilimwomba arudie.

Wairimu aliishia kidato cha pili. Alijifunza peke yake, Jumamosi, kwenye kompyuta za saiba ya hapa mtaani, akilamba kidole gumba kabla ya kugusa chochote, kama anafunua gazeti. Picha zilipopitiliza kwenye simu yake, nilidhani ameshindwa, nikanyamaza nisimuaibishe.

Kumbe simu ndiyo iliyobaki nyuma.

Nilibonyeza mwenyewe kusasisha. Tukangoja. Nikafungua ukurasa, nikasogeza kwa nguvu kama nilivyozoea, ukasimama kwenye kichwa cha Wairimu mwenyewe, amepigwa picha kutoka nyuma, na matuta niliyomsuka tukienda harusi ya binamu yetu. Picha hiyo mimi huipita haraka. Leo ilitulia pale, nami nikaiangalia. Tuta la tatu limepinda.

Hakuwahi kuniambia. Na bado aliiweka.

Nimewafikiria pia wale watu nisiowajua, waliokaa wakajadiliana kidole cha mtu kikiachia, macho yake yatue wapi. Wakaona waliyoandika mwanzo hayakutosha, wakaandika tena. Mimi nikifumua tuta moja nanung'unika siku nzima.

Kabla sijaondoka, Bwana Salim alinionyesha jinsi ya kuongeza picha. Tangu Novemba hakuna mpya iliyoingia. Kesho, tukimaliza kumsuka madam upya, nitamwomba akae mlangoni penye mwanga nimpige picha. Itakuwa ya kwanza ambayo Wairimu hakuiweka.

Bwana Salim anasema mpya huwekwa juu, ili wateja waione kwanza. Mimi naona ikae chini, baada ya zake zote.